Mgagani wa Matongo

Nilikuwa sokoni Ushirombo, nimeshika fungu la mgagani, nalipindua kutazama kama majani ya chini yameanza kugeuka manjano, simu ilipoita. Alikuwa mdogo wangu wa kiume, anayekaa na Baba huko Maganzo. Akaniambia Baba ameanza kukataa chakula, haketi tena kitandani bila kushikwa, ila asubuhi hiyo alifumbua macho akauliza swali moja: "Nani atanitajia?"

"Nimemuuliza kutajiwa nini, akageukia ukutani," mdogo wangu alisema. "Dada, anataka nini?"

Mimi nilijua. Nikamrudishia mama wa mboga fungu lake, akanitazama kwa hasira kidogo, maana nilikuwa nimeshalishikashika, nikaenda nyumbani kufunga begi.

Ngoja nikueleze taratibu, kwa sababu jambo hili halipo kila mahali. Hata Usukumani sina hakika kama lilikuwa la wote. Najua tu lilikuwa la kwetu. Mzee wa ukoo wetu akilala akawa hainuki tena, mtu mmoja huketi karibu na kichwa chake na kumtajia baba zake. Anaanza na wa karibu, baba aliyemzaa, kisha baba wa huyo, anapanda hivyo bila haraka mpaka kwa mtemi. Akishafika kwa mtemi anaweza kushusha pumzi, kwa sababu kuanzia hapo njia ni pana. Majina ya watemi yalijulikana na nchi nzima, mmoja baada ya mwingine, hadi yule mwindaji wa zamani sana anayesemekana kutoka magharibi na upinde wake, akawakuta watu wanakula nyama mbichi, akawawashia moto. Hao hata sisi watoto tuliwajua. Kazi ilikuwa kwa hawa wa katikati, wakulima wasiojulikana na mtu, waliotuunganisha sisi na ikulu. Mgonjwa akisikia wote wametajwa, anajua kwamba huko anakokwenda wameshaambiwa anakuja. Hafiki kama mgeni.

Sasa Baba alikuwa anauliza nani atamfanyia kazi hiyo. Bibi, mama yake, alikwisha kufa. Mama yetu naye alikwisha kufa. Nilipokaa kwenye basi la kwenda Kahama nikajaribu kuyapanga majina kichwani. Nilipata mawili. Baada ya hapo palikuwa na giza.

Nililelewa na Bibi. Baba alifanya kazi kwenye almasi, Mwadui, na nyumba aliyopewa ilikuwa ndogo, kwa hiyo mimi mtoto wa kwanza nikapelekwa kijijini, mbele ya Segese, kwa yule ambaye nilipewa jina lake. Kwa sababu ya jina hilo Baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mama tangu nikiwa natambaa. Watu wa Mwadui walicheka sana kumsikia mwanaume mzima mwenye ndevu anamwambia mtoto mdogo, "Mama, nisogezee kile kiti."

Ningependa uuone ule mji wa Bibi. Kwetu neno mji maana yake ni makazi ya mtu mmoja na watu wake: nyumba chache za udongo, ghala la mtama lililoinuliwa juu ya mawe, uzio wa minyaa kuzunguka vyote, na katikati zizi la ng'ombe. Asubuhi harufu ya moshi wa kinyesi kikavu iliingia ndani kabla ya mwanga. Kisha ulisikia maziwa yakitikiswa kwenye kibuyu, ile sauti ya kubwabwaja inayobadilika siagi inapoanza kushikana. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kufukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa, na kumshikia Bibi ndama asimnyang'anye maziwa wakati wa kukamua. Chai ilikuwa ya siku za wageni. Sisi tulikunywa uji, na wakati wa njaa tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Mpaka leo nikikutana na harufu ya michembe ikichemka huwa nasimama.

Lakini chakula nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa mgagani. Kama hujawahi kuula, ni mboga ya majani yenye vidole vitano, machungu, na Bibi aliupika kwa maziwa ili kuutuliza. Mvua zikishanyesha mara chache unajiotea popote. Ila mgagani wa popote ni mwembamba na unakuna koo. Ule mnono, wenye majani mapana kama kiganja, unaota mahali palipowahi kuwa na zizi.

Na mahali pa namna hiyo tulikuwa napo pengi. Kwetu mtu hakukaa sehemu moja milele. Kijana akioa na kupata ng'ombe wake, alisogea akajenga mji wake. Mji wa baba yake siku moja uliachwa. Nyumba zilianguka, minyaa ikabaki ikikua ovyo mpaka kuwa miti, na zizi lenye samadi ya miaka mingi likageuka shamba lisilolimwa na mtu. Mji ulioachwa hivyo tuliuita itongo. Yakiwa mengi, matongo.

Hakuna aliyelima itongo kwa sababu mwenye mji alikuwa humo. Wazee walizikwa ndani ya zizi, na jioni ile ile ng'ombe waliingizwa walale juu yake. Kwato zilisawazisha udongo, na baada ya mvua moja hata aliyechimba asingeweza kukuonyesha kaburi liko wapi. Ndivyo walivyotaka. Desturi hiyo ilitoka ikulu, ambako kaburi la mtemi lilifichwa ili adui asilifikie, na watoto wake walipotoka waliondoka nayo. Kwa hiyo hapakuwa na jiwe wala msalaba. Palikuwa na mgagani tu.

Labda unajiuliza, kama tulitoka kwa mtemi, ilikuwaje tukawa watu wa kuchuma mboga porini? Nami nilimuuliza Bibi hivyo hivyo. Akanieleza kwamba zamani mtoto wa mtemi hakurithi kiti cha baba yake. Kiti kilikwenda kwa mtoto wa dada wa mtemi. Mtoto wa kumzaa mwenyewe alipewa ng'ombe na eneo nje ya ikulu aliangalie, akaitwa mwanangwa, basi. Mtoto wa mwanangwa hakupewa eneo, alipewa ng'ombe. Mjukuu wake alipewa jembe. Kila kizazi kilisogea kidogo kuelekea mashariki, na ikulu ikabaki nyuma ya migongo yao. Kwa hiyo ukitoka kwa Bibi ukaelekea magharibi, itongo hadi itongo, ulikuwa unarudi nyuma ndani ya ukoo wetu. Ulitoka kwenye jembe unapanda kuelekea kwenye kiti.

Tuliifuata njia hiyo kila msimu, na kapu kichwani.

Bibi alitangulia. Nyuma yake mimi, na nyuma yangu binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyekuwa anakuja kwa hiari yake ili anisumbue. Binamu kwetu ni mtani, na huyu aliupenda utani kuliko chakula.

"Njooni muone watoto wa mtemi!" alipiga kelele kwa kila tuliyepishana naye. "Wanakula majani kama mbuzi!"

"Na baba yako tulimwonea huruma tu tukampa mke," nilimjibu. "Angekufa na useja wake."

Bibi hakutukataza. Alicheka mpaka kapu likayumba. Lakini tukikaribia minyaa ya itongo la kwanza, alinyamaza. Alisimama pale palipokuwa mlango wa mji, mahali ambapo mimi niliona nyasi tu, akakohoa kidogo, kama unavyokohoa ukikaribia nyumba ya watu.

"Hodi kwa Mihayo," alisema.

Tukasubiri. Kisha akaingia, nasi tukamfuata, na tukachuma. "Chukueni kwa kiasi," alisema. "Waachieni wenyewe."

Mihayo alikuwa baba wa Babu. Jina lake maana yake ni maneno, na Bibi alisema lilimfaa, kwa sababu alikuwa msuluhishi wa kesi za mipaka, na kesi zilimalizika watu wamechoka kumsikiliza. Mbele yake, ukipita bonde la mpunga, palikuwa na itongo la Mabula, aliyezaliwa siku ya mvua kubwa, wakunga wanashikilia paa. Baada ya Mabula kulikuwa na Mayunga, mtu wa kuzurura, aliyeondoka kwenda kuwinda akakaa misimu mingi, akarudi akakuta mke wake ameshaweka matanga. Akaketi na kula matanga yake mwenyewe. Kisha Shija, aliyezaliwa akiwafuata mapacha, mkimya, hodari wa kutibu ng'ombe. Kila mmoja Bibi alimpigia hodi. Kila mmoja mgagani wake ulikuwa na ladha yake, au sisi tulidhani hivyo. Wa Mayunga tuliuona mchungu zaidi, tukasema ni kwa sababu hakuwepo nyumbani.

Baada ya Shija palikuwa na kijito cha mchanga, kisha mwamba mpana wenye vishimo vilivyochongwa na wanawake wa zamani kwa kusagia nafaka. Tulipenda kukaa kwenye vishimo hivyo, vilitutosha makalio. Nyuma ya mwamba lilikuwepo itongo la mwisho. Huyo ndiye alikuwa mwanangwa, mtoto wa mtemi mwenyewe, wa kwanza kutoka ikulu. Mgagani wake ulikuwa na mashina ya zambarau. Kwa kuwa palikuwa mbali, tulifika huko mara chache, miguu ikiwa imechoka, makapu yamejaa, jua linauma shingo. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa mtemi, Bibi hakumpigia hodi kwa sauti kama wengine. Alipiga magoti, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu, akalitamka jina lake kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayezungumza ndani ya chungu.

Nililisikia. Nina hakika nililisikia.

Utaona basi kwamba majina ya wanaume wa ukoo wetu yalishikwa na wanawake, tena wanawake waliotoka koo nyingine. Wanaume walichunga na kulima. Mboga waliikuta kwenye sahani. Mke alipoolewa, mama mkwe wake alimpa kapu na kumpitisha kwenye matongo ya watu ambao si wake, mpaka wakawa wake. Bibi alipitishwa na mama mkwe wake, na huyo na wa kwake. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mama yangu. Lakini mama yangu alikuwa Mwadui na Baba, ananunua kabichi kwenye genge. Bibi alimsubiri. Kila Krismasi walipokuja na mkate na sukari, Bibi alisema, "Mwaka huu mvua ikinyesha, niachieni mkwe wangu kidogo." Mvua ilinyesha, na likizo ya Baba ilikuwa imekwisha. Mimi Bibi hakunifundisha. Mimi nilikuwa wa kubeba kapu. Binti ni wa kuolewa. Angenipa majina yale ili niende nayo wapi?

Babu alipolala, nilikuwa nje nabambua karanga chini ya dirisha lao. Katekista alishakuja na rozari yake, Bibi akamwomba asubiri kidogo, naye, kwa kuwa alizaliwa kijiji hicho hicho, akatoka akakaa kwenye gogo akasubiri. Nikamsikia Bibi akianza. Mihayo. Akanyamaza kidogo, kama tunavyosubiri mlangoni. Mabula. Mayunga. Shija. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ile ya chunguni, na kuku wakaanza kugombana kwenye maganda yangu. Niliposikia tena, alikuwa ameshafika kwa watemi, na sauti imepanda, karibu anaimba. Babu alikufa kabla ya rozari kumalizika. Baba alifika kesho yake. Basi liliharibika njiani. Swali lake la kwanza kwa Bibi halikuwa kuhusu ugonjwa. Aliuliza, "Alitajiwa wote?"

"Wote," Bibi akasema. Baba akaketi chini akalia kwa raha, kama unaweza kunielewa.

Ndiyo maana sikupanda basi la Maganzo moja kwa moja. Nilishukia njiani nikaenda kijijini kwanza.

Binamu yangu alinipokea barabarani na pikipiki yake. Ana mvi sasa, na jino moja la mbele halipo. "Shikamoo watoto wa mtemi," alisema, ingawa tunalingana umri. "Mmekumbuka shamba? Au mjini majani yameisha?"

"Marahaba. Nimekuja kuona kama umeshajifunza kuoga."

Nikamweleza habari za Baba. Akaacha kucheka. Akauliza tu, "Unataka tuanzie wapi?"

Tulianza kwa Mihayo, kwa miguu, kama zamani. Itongo lilikuwa limelimwa mahindi, lakini minyaa miwili mitatu imesimama. Nikasimama pale pa mlango, nikakohoa, nikapiga hodi, na jina likatoka. Hilo nilikuwa nalo tangu kwenye basi. Kwa Mabula tulikuta uwanja wa mpira wa shule, na mgagani ulikuwa umeota nyuma ya goli, mahali wasipokanyaga. Nalo jina lake nilikuwa nalo. Tukaenda. Kuanzia hapo sikuwa na kitu kichwani. Tukashuka, tukapanda, tukafika kwenye tuta lenye mawe, binamu akasema, "Ni hapa," na kabla hajamaliza, mdomo wangu ulishasema, "Hodi kwa Mayunga."

Sijui nikuelezeje. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi, na nimewaona watoto wakisoma neno kabla hawajajua kwamba wanajua kusoma. Ilikuwa hivyo. Jina halikuwa kichwani mwangu. Lilikuwa pale, chini ya minyaa, limenisubiri. Nilimshika binamu mkono nikacheka kama mwendawazimu.

Kwa Shija palikuwa na banda la mama lishe, mabati na turubai, masufuria matatu motoni. Kelele zilianzia hapo. Vijana waliojaa vumbi jeupe walikuwa wanakula wamesimama. "Mboga hii mnaitoa wapi?" nilimuuliza yule mama, kwa kuwa niliona mgagani kwenye sahani zao.

"Si hapo nyuma ya banda," alisema. "Umejiotea tu, wala sijapanda. Karibu ukae, Mama."

Nikazunguka nyuma ya banda. Majani mapana kama kiganja. "Hodi kwa Shija," nikasema, na yule mama akaitika kutoka jikoni, "Karibu!" akidhani namwita yeye. Nilimwomba ruhusa nikachuma, nikafunga kwenye kanga. Alikataa malipo, akaniambia nirudi tena.

Nikageuka kuelekea kwenye kijito.

Binamu hakunifuata mara moja. "Dada," alisema, "huko mbele pameharibika."

Nilikuwa nimesikia kwamba kulitokea rashi, kwamba mtu mmoja aliokota jiwe lenye dhahabu na ndani ya wiki watu walimiminika kutoka Geita, kutoka kila mahali. Lakini kusikia si kuona. Kijito kilikuwa tope la kijivu. Ng'ambo yake palikuwa na milima midogo ya mawe yaliyochimbwa, na kati ya mlima na mlima kulikuwa na maduara, yale mashimo yao ya kushuka chini, yamefunikwa turubai za bluu. Karasha tatu zilikuwa zinasaga mawe kwa kishindo ambacho unakisikia kwenye meno. Niliutafuta mwamba wa vishimo. Binamu akanionyesha kwa kidevu chake: nafasi tupu, na kifusi.

"Ulikuwa na mkanda mzuri wa dhahabu chini yake," alisema. "Wote ulipita kwenye karasha."

"Na itongo?"

Akasema, "Serikali ya kijiji iliita watu waonyeshe makaburi, ili yahamishwe kwa heshima. Wenye misalaba walionyesha. Wenye saruji walionyesha. Sisi tungeonyesha nini? Tungesema ng'ombe walilala hapa?"

Nikamtazama.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nilichimba, ndiyo. Duara langu lilikuwa lile la pili kutoka kwenye mti. Watoto wa mtemi mlikuwa mjini, mimi nilikuwa na njaa hapa. Tulipofika chini kidogo udongo ulikuwa mweusi, laini, wa samadi. Nilijua ni wapi. Nikamwambia, babu nisamehe. Nikaendelea."

Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, lakini macho yake hayakuniangalia. Sikuwa na la kumlaumu. Nilipanda juu ya kifusi mpaka pale nilipokadiria kwamba mlango ulikuwepo. Nikapiga magoti juu ya mawe. Nikapiga makofi taratibu. Vijana waliokuwa wanavuta kamba wakasimama kunitazama. Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Karasha ziliendelea kusaga. Nilingoja mpaka magoti yakaanza kuuma, nikajaribu kumkumbuka Bibi alivyoinama, shingo yake, shanga zake, mashina yale ya zambarau. Vyote vilikuja. Nikaona hata midomo yake ikitembea. Sauti haikuwepo.

Binamu alinisaidia kushuka. Njiani kurudi hakunitania hata mara moja, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake. Kisha akasema, "Sema Masanja."

"Masanja nani?"

"Yeyote. Kina Masanja wamejaa nchi hii, hukosi mmoja. Mjomba hajui, hata wewe hujui. Mtajie Masanja, alale kwa amani. Nani ataulizwa?"

Lilikuwa pendekezo la upendo, nami nilibeba jina hilo mpaka Maganzo. Kwenye basi nililijaribu kwa sauti ya chini, baada ya Shija. Lilikaa vizuri. Lingeweza kuwa kweli.

Nilifika mchana. Baba alikuwa amelazwa karibu na mlango ili aone barabara, maana alipenda kutazama watu wa almasi wakipita na chekeche zao. Alikuwa amepungua sana. Nilipika mgagani kwa maziwa, nikamlisha kijiko kimoja. Aliuzungusha mdomoni kwa muda mrefu.

"Huu si wa sokoni," akasema.

"Ni wa kwa Shija."

Akafumbua macho vizuri. "Mama," akaniambia, "umepita kule?"

"Nimepita."

Akatafuta mkono wangu. Mdogo wangu alisogeza kiti, nikakaa karibu na kichwa chake, nikaanza. Nilimtaja Babu. Nikangoja kidogo, kama tunavyongoja mlangoni. Mihayo. Baba alitabasamu. Mabula. Mayunga. Kila jina alilirudia kwa midomo tu, bila sauti, na kidole chake kilibonyeza kiganja changu. Shija.

Nikanyamaza.

Alingoja. Nje mbuzi walikuwa wanalia, na mtu alikuwa anajadiliana bei na mwenzake kando ya barabara. Masanja lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilimwangalia uso, jinsi alivyokuwa ameinua kidevu kidogo kusikiliza, na sikuweza. Fikiria umwelekeze mtu nyumba isiyokuwepo, na yeye ndiye anayekwenda.

"Mama, endelea," akasema.

"Ukitoka kwa Shija," nikamwambia, "unavuka kijito cha mchanga. Maji hayazidi kifundo cha mguu. Ng'ambo yake kuna mwamba mpana wenye vishimo vya kusagia. Unaweza kukaa upumzike, utakutosha. Ukizunguka nyuma ya mwamba utaona minyaa. Mgagani wa hapo una mashina ya zambarau. Usipige hodi kwa sauti, Baba. Piga magoti, piga makofi taratibu. Ni mtoto wa mtemi huyo."

Alikuwa ananifuata. Niliona macho yake yakitembea chini ya kope.

"Anaitwa nani?"

"Ukifika utamuuliza, Baba."

Mwili wake ukatikisika kidogo, nikaogopa, kumbe alikuwa anacheka. Akanibonyeza kiganja.

"Nitamuuliza," akasema. "Na wewe, Mama, nani atakuambia?"

Nikamtajia watemi, wote, mpaka kwa yule mwindaji mwenye moto. Hao ninao. Kabla jua halijazama alikuwa ameshaondoka.

Tulimzika kwenye makaburi ya parokia, kwa saruji na msalaba, jina lake limeandikwa vizuri mtu yeyote alisome. Nimerudi Ushirombo. Mgagani naununua sokoni kama watu wote, nao ni mwembamba, na wajukuu zangu hawaupendi. Wakati mwingine nikiwa nauchambua huwa natulia ghafla, mikono ikiwa ndani ya majani, nikidhani lile jina limekuja. Halijaja. Kati ya Shija na mtemi kuna mtu aliyetoka ikulu na ng'ombe wake, akajenga, akazaa, akatufanya sisi, na hapa duniani hakuna anayeweza kumpigia hodi. Baba alishafika kwake. Kati yetu wawili, sasa yeye ndiye anayejua.